Malalamiko: Chupa Mbili za Majina Tofauti, Sumu ya Jamii Moja

Mkulima wa Ngano,
Kaunti ya Narok.

Kwa Meneja Mkuu,
Kampuni ya Viuatilifu,
Nairobi.

Bwana Meneja,

MINT: DAWA ZENU KUSHINDWA NA VIDUKARI WA NGANO, NA USHAURI NILIOPEWA NA AFISA WENU

Nimenunua dawa zenu kwa miaka sita. Msimu huu nilipanda ngano ekari 30, na wiki ya tano baada ya kuota nikakuta vidukari wamejaa kwenye majani. Nilinunua chupa yenu ya lambda-sihalothrini kwa agroveti, nikafuata kipimo cha lebo, nikapulizia asubuhi kabla upepo haujaamka. Mvua haikunyesha siku nne zilizofuata. Siku ya tatu niliporudi, vidukari walikuwa wazima na watoto wao pembeni. Waliokufa ni wale wadudu wekundu wenye madoa meusi mgongoni, ambao kazi yao shambani ni kuwala hao vidukari.

Nilimpigia simu afisa wenu wa mauzo. Aliniambia niongeze kipimo, nusu juu ya kile cha lebo. Niliongeza, hakuna kilichobadilika. Ndipo akasema, "Basi badilisha dawa, mzee," akaniuzia chupa ya pili yenye jina jingine, rangi nyingine na bei kubwa zaidi. Niliipulizia nayo. Iliposhindwa nikavaa miwani, nikasoma yale maandishi madogo ya lebo: alfa-sipamethrini.

Hapa ndipo penye lalamiko langu. Sumu hizo mbili ni za jamii moja, pairethroidi. Katika mpangilio wa IRAC, kamati ya kimataifa ya makampuni ya viuatilifu inayoshughulikia usugu wa wadudu dhidi ya sumu tangu 1984, zote ziko kundi la 3A. Zinampiga mdudu mahali pamoja: milango ya sodiamu kwenye neva inazuiwa kujifunga, anatetemeka, anapooza, anakufa. Kidukari ambaye mlango huo umebadilika umbo akistahimili chupa ya kwanza, ya pili inamkuta amejikinga vilevile. Mimi nilidhani nimebadilisha dawa, kumbe nimebadilisha jina tu, na nimelipia mara mbili.

Mama yangu alilima pareto kule Mau. Nimekua nikianika yale maua juani. Pairethroidi zilibuniwa viwandani kwa kuiga sumu iliyomo ndani ya maua hayo hayo. Jambo hili si geni kwetu, na sioni kwa nini mkulima afichwe kwamba chupa mbili ni ndugu.

Jibu nililopata ofisini kwenu ni kwamba labda ni vidukari wa Kirusi, wanaolikunja jani likawa kama mrija na kujificha ndani. Hao nawajua, wanatusumbua tangu miaka ya 1990, na jani lao huwa na michirizi myeupe. Majani yangu hayakukunjika. Vidukari walikaa wazi kabisa, dawa ikawalowesha, wakaendelea kufyonza. Nozeli za mashine ya trekta nilizikagua mwenyewe, na maji niliyochanganyia ni ya kisima kile kile cha miaka yote.

Wala si ajabu kwa vidukari wa nafaka kuwa sugu. Kule Texas, Marekani, katika miaka ya 1970, vidukari wa kijani wa mtama na ngano walianza kustahimili sumu za organofosfati, jamii nyingine ya viuatilifu. Uingereza nako, mwaka 2011, vidukari wa ngano wa aina ya Sitobion avenae waligunduliwa wakiwa na badiliko kwenye ule mlango wa neva niliousema, na pairethroidi zikapungua nguvu kwao. Ninyi mnaouza sumu hizi mnayajua hayo kuliko mimi.

Na mnajua kidukari anavyozaliana. Jike hahitaji dume; anazaa majike hai, nao wanazaliwa tayari na mimba ndani yao. Joto likiwepo, siku kama kumi zinatosha mtoto kuwa mama. Akibaki mmoja sugu, watoto wote wanatoka na usugu ule ule. Kwa hiyo kila nilipopulizia, niliwaondoa dhaifu na maadui zao, nikawaachia wenye nguvu shamba zima. Ushauri wa kuongeza kipimo ulilizidisha tatizo, na ulinifanya nivunje maagizo ya lebo yenu wenyewe.

Mwaka jana nilivuna magunia 16 kwa ekari. Mwaka huu ni 9. Sehemu za shamba zilipiga manjano na kudumaa, dalili za virusi vya manjano vya shayiri ambavyo vidukari huvibeba, na mmea ukishaambukizwa hakuna dawa ya kuuponya.

Sijasema nimethibitisha usugu. Hilo linahitaji maabara. Tumeni mtaalamu achukue vidukari hai, shamba la jirani bado wapo, wapimwe kwa sumu yenu ndani ya vichupa vya kioo, na matokeo niletewe kwa maandishi hata kama hayawapendezi. Chupa ya pili nataka nirudishiwe pesa yake yote, kwa sababu niliuziwa kama dawa tofauti na haikuwa hivyo. Namba ya kundi iandikwe kwa herufi kubwa mbele ya kila chupa, ili hata asiyejua majina ya kemikali aone kwamba 3A na 3A ni kitu kimoja. Naye afisa wenu afundishwe kabla hajapita tena kwa majirani zangu, maana wengine wameshaanza kupulizia mara ya tatu.

Nimehifadhi chupa zote mbili, risiti, na tarehe za kupulizia. Nasubiri jibu lenu ndani ya siku 14. Baada ya hapo nakala ya barua hii itakwenda kwa Bodi ya kudhibiti dawa za wadudu, PCPB.

Wako mwaminifu,
Mkulima wa ngano, Narok