Shukrani kwa muuguzi asiyetaka kutajwa jina

Asante, dada muuguzi, kwa msaada wako kwa watoto wanaokojoa kitandani. Asante kwanza kwa swali unalomwanzia nalo kila mzazi: je, mtoto huyu aliwahi kulala mkavu miezi 6 mfululizo? Kama hajawahi, unamtuliza: kabla ya miaka 5 huo si ugonjwa. Kama aliwahi kisha akarudia, unapima mkojo, sukari na maambukizi, na unauliza kuhusu choo kigumu. Utumbo uliojaa hukandamiza kibofu, na wengi husahau hilo. Ndipo unazungumza na mtoto faraghani, taratibu: kufiwa, wazazi kutengana, kuonewa shuleni, kuguswa vibaya.

Tunakushukuru zaidi kwa kupinga fimbo na kumwaibisha mtoto mbele ya wenzake. Hakojoi kwa makusudi, amelala! Aibu humfanya ajitenge, ajidharau, aogope kulala ugenini, na haikaushi shuka hata moja.

Na utaratibu wako: anywe maji ya kutosha asubuhi na mchana, apunguze saa 1 hadi 2 kabla ya kulala, aende choo kabla ya kupanda kitandani. Sifa apewe kwa kwenda choo, si kwa kuamka mkavu, kwa kuwa ukavu hauko mikononi mwake. Kengele ya unyevu, kifaa kinacholia mtoto anapoanza kulowa, itumike kila usiku kwa miezi 2 hadi 3, mpaka zipite siku 14 mfululizo bila kukojoa. Wengi huiacha mapema mno, maana mwanzoni mzazi ndiye anayeisikia, na lazima ainuke amwamshe mtoto.