Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS): tuandikieni kiasi cha vihifadhi

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Salaam kutoka Uyole, Mbeya. Nafundisha sayansi shule ya msingi. Asubuhi, kabla kengele haijagongwa, watoto hujazana kwenye genge la nje ya geti wakinunua juisi za chupa na soseji. Nyumbani wengi wameacha kiporo cha makande.

Kiporo hicho ndicho kimenifanya nikuandikie. Maharage na mahindi yana nyuzinyuzi tusizoweza kuzimeng'enya. Zikifika utumbo mpana, bakteria huzichachua, kama togwa inavyochacha ikishatiwa kimea. Humo hupatikana asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi: asetati, propionati na butirati. Butirati ndiyo chakula kikuu cha seli zinazotanda ukuta wa utumbo mpana.

Vihifadhi navyo huwekwa ili chakula kisichache wala kuoza. Sodiamu benzoati ya kwenye juisi huzuia hamira na ukungu. Nitriti ya kwenye soseji huzuia bakteria wa botulizimu, ugonjwa unaoua, na kwa hilo siombi viondolewe. Wala sitamtisha mzazi kwa chupa moja: benzoati nyingi hufyonzwa kabla ya kufika utumbo mpana, ikatoka kwa mkojo. Ila majaribio ya maabara na ya panya yameonyesha kwamba baadhi ya vihifadhi hubadilisha jamii ya bakteria wa tumboni, na mtoto anayekunywa juisi hizo kila siku huku akiacha maharage huenda akapata hasara mara mbili.

Ndiyo maana nauliza kiasi. Mwaka 2016 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliweka ukomo wa benzoati kuwa miligramu 5 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtoto wa kilo 20 ukomo wake ni miligramu 100. Nimegeuza chupa ya genge letu: imeandikwa E211, yaani sodiamu benzoati, kwa Kiingereza, herufi ndogo za kuumiza macho. Miligramu ngapi, haisemi.

Tangu 2019 usalama wa chakula uko mikononi mwenu. Naomba kiasi cha kihifadhi kiandikwe kwenye lebo, kwa Kiswahili kinachosomeka. Naomba pia mchukue sampuli soko la Mwanjelwa na kwenye magenge ya shule, mtutangazie majibu. Kuzidisha kilo kwa miligramu, darasa langu la tano wanaweza. Kinachokosekana ni namba ya kwenye chupa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa sayansi, Uyole