Viti vyetu vilikuwa vingapi?

Pasua, Moshi
Jumapili usiku

Mama Glory mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku hatujambo, watoto wazima, goti langu ni lile lile. Najua utasema barua ya nini wakati simu ipo. Kuta za nyumba hizi unazijua, nikikohoa jirani ananipa pole. Halafu wewe kwenye simu unaanza kucheka kabla sijamaliza, na hili si la kucheka. Au labda ni la kucheka, lakini si mimi wa kuanza.

Lile daftari la kijani la chama chetu cha Kuzikana bado unalo? Lile la kava gumu, ulilolimwagia chai msibani kwa balozi. Tafadhali usiniambie uliwashia moto.

Jumamosi ya juzi tulihesabu vyombo, maana mwenyekiti mpya wa chama ni mtu wa kuhesabu. Masufuria yapo yote, hata lile lililotoboka. Maturubai mawili, moja panya wamelila kona. Viti 83. Nikasema haiwezekani, viti vilikuwa 120. Katibu, bila hata kuinua macho, akasema yeye alikabidhiwa 90. Na nani? Na wewe! Mama Glory, si tulinunua 100 mimi na wewe, tukarudi navyo kwenye kirikuu tumevikalia kama malkia? Si mwaka uliofuata tukaongeza 20? Nikayasema yote hayo. Kimya. Kisha mwenye genge akaniangalia mimi, mweka hazina, akakohoa. Kikohozi chake unakijua.

Tangu siku ile nikipita dukani naona kama watu wamekatisha mazungumzo.

Sasa sikia. Ijumaa nilikuwa kwenye sendofu ya binti wa yule wa mashine ya kusaga. Ukumbi umependeza, vitambaa vyeupe, viti vyote vimevalishwa na kufungwa utepe mgongoni. Nimekaa, mkono umening'inia, vidole vikapapasa chini ya kiti. Mikwaruzo. Nikaangusha leso makusudi nikainama. Rangi ya bluu, ile yetu! Wameikwangua kwa wembe, lakini K ya Kuzikana imebaki nusu, na lile tundu la msumari wa moto aliloweka Glory siku ile ukamchapa, lipo. Nikaangusha leso mara ya pili. Kwenye meza yetu tu vilikuwa vinne. Meza nyingine sikuweza, ndafu ilikuwa inaingia na watu wote wamesimama wanapiga vigelegele, mimi peke yangu nimeinama kama natafuta pini. Mume wangu akaniuliza kama naumwa.

Aliyekodisha vile viti namjua, na wewe unamjua. Simwandiki hapa.

Lakini na mimi nina langu, ndiyo maana nataka daftari kabla sijafungua mdomo. Msiba wa yule mzee wa Kibosho. Sisi mtu akifia mjini lazima apande mlimani akalale kihambani kwao, na viti vinapanda naye, ila marehemu hana haja ya kurudi. Viti 15 vilipakiwa kwenye Fuso kwa ruhusa yangu. Mvua ikatukuta huko, tukarudi usiku, viti vikabaki. Wakasema watavileta Jumamosi. Jumamosi wakasema subiri tuondoe matanga. Nikaona aibu kumdai mjane, basi nikanyamaza mpaka leo. Nadhani nilikwambia ukaandika. Niliandikiwa kweli, au nimejipa moyo? Kama imeandikwa, nitasimama Jumapili ijayo niseme 15 viko Kibosho, mnipe pikipiki nikavifuate, na hivyo vingine mwenye kukodisha atueleze. Kama haikuandikwa, nikitaja hivyo 15 watanibebesha vyote 37.

Mengine ya mtaani ni ya kawaida. Mbio za Kilimanjaro zimepita, mji ulijaa watu wa Dar wenye raba za bei ya mbuzi. Eli alikimbia zile kilomita 5, akarudi na fulana na njaa. Mpangaji wetu alijitia kwenye 21, ile barabara ya Mweka ikamnyoosha, mpaka leo anashuka ngazi kinyumenyume. Mangi kapigwa faini ya 50,000 kwa maboksi aliyoacha nje ya duka, akaomboleza wiki nzima. Nikamtania kwamba usafi wa Moshi una gharama, akanipandishia mkaa. Mwenyekiti wa mtaa tuliyemchagua Novemba 2024 ameleta greda kabla ya masika. Limechonga barabara vizuri, sasa maji yote yanaelekezwa kwangu.

Lakini narudi kwenye viti. Jana nilivitoa stoo vyote 83 nikavigeuza uani kimoja kimoja. Vyenye K safi ni 71. Vingine 12 havina alama kabisa, wala si plastiki ile. Kwa hiyo kuna mtu anarudisha visivyo vyetu ili idadi isishuke sana. Mtu wa namna hiyo ana akili, shoga yangu, ndiyo inayonitisha.

Piga picha kurasa zote za vyombo, na ukurasa wa Kibosho kama upo, unitumie kwenye simu ya Eli. Usitume kwenye grupu! Na katibu akikupigia, wewe hujui kitu.

Ulimkabidhi ngapi kwa mkono wako? Alitia saini? Kulikuwa na shahidi, au ilikuwa kama kawaida yetu, juu ya chai? Glory anakumbuka alitoboa viti vingapi? Na Pasaka mnakuja? Kwa basi au treni? Unakumbuka Desemba 2019 treni iliporudi, tukaenda stesheni na khanga mpya kama tunapokea bwana harusi? Baba Glory presha imeshuka?

Kiroba kina ndizi mshare za mtori na maparachichi manane. Kondakta nimeshamlipa, akikudai tena usimpe.

Wako,
Mama Eli