Manjano yenu yamemtia mwanangu risasi kwenye damu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu,

YAH: MADINI YA RISASI KWENYE BIZARI YA MANJANO

Nimenunua viungo vyenu miaka 6, tangu tuhamie hapa Columbus, Ohio. Nilivipenda kwa rangi: kijiko kimoja tu na mchuzi wote unawaka. Leo najua rangi ile ilitoka wapi.

Binti yangu alipotimiza mwaka alipimwa damu, ikakutwa na risasi mikrogramu 14 kwa desilita. Hapa Marekani, kuanzia 3.5 mtoto huhesabiwa kuwa amezidi. Wakaguzi wakaja nyumbani, wakapima rangi ya madirisha, maji ya bomba, sufuria, hata wanja wa mama yangu. Hawakukuta kitu. Ndipo mmoja akaomba kuona kabati la viungo. Maabara ilijibu kuwa manjano yenu yana risasi na kromiamu kwa pamoja, yaani kromati ya risasi, ile rangi ya njano ya viwandani. Hutiwa ili manjano yaliyofifia yang'ae.

Nilipowapigia simu, mhudumu wenu alisema wateja wengine hawajalalamika. Watalalamikaje? Risasi haileti upele. Inakaa kwenye mifupa, inaharibu ubongo wa mtoto kimyakimya, na mzazi hushtuka baadaye sana, mtoto anapochelewa kusema au kushindwa masomo. Supu ya binti yangu nilikuwa naitia manjano kwa mkono wangu mwenyewe, nikiamini ni dawa ya kifua. Naumia kila nikiikumbuka.

Wala msiniambie haizuiliki. Bangladesh mwaka 2019 karibu nusu ya manjano yaliyopimwa sokoni yalikuwa na risasi. Serikali ikawabana wafanyabiashara kwa ukaguzi na faini, na kufikia 2021 haikukutwa tena.

Pesa za pakiti sizidai. Ondoeni manjano hayo madukani wiki hii, na mbandike tangazo kwa Kiswahili, Kisomali na Kifaransa, kwa sababu ndio sisi tunaoyanunua. Kisha mnionyeshe majibu ya maabara ya mzigo huo, na mlikoununua. Pakiti yenu haitaji hata nchi.

Nusu pakiti iliyobaki nimeihifadhi, mkitaka kuipima. Binti yangu anapimwa tena mwezi ujao. Nataka jibu lenu la maandishi kabla ya siku hiyo.

Mteja wenu,
Columbus