Barua kwa mwanangu: pesa ya kwanza ya kubangua korosho

Newala

Mwanangu,

Barua yako nimeipata na mchanganuo wa biashara nimeusoma wote. Wazo la kubangua na kina mama wa kijijini ni zuri: korosho nyingi zinaondoka Kusini zikiwa ghafi, na msimu ukiisha wenye mikono ya kazi wanabaki hawana kazi. Tatizo liko ukurasa wa mwisho, ulipoandika "tunahitaji milioni 25" bila kusema ni za nini, zinatakiwa lini na zitarudi vipi.

Pesa ya korosho ina majira. Minada kwa kawaida inafunguliwa Oktoba, na baada ya miezi michache mzigo umekwisha. Ghafi ya mwaka mzima inanunuliwa hapo, kisha inabanguliwa na kuuzwa kidogo kidogo hadi msimu mwingine. Kwa hiyo mkopo unaodai rejesho tangu mwezi wa kwanza ni kitanzi: utauza korosho karanga, yaani zilizokwisha kubanguliwa, kwa bei ya kutupa ili uwahi tarehe. Waombe wakopeshaji rejesho la kwanza lianze mwezi wa tano baada ya kukopa. Wakikataa, usichukue.

Usiombe pesa moja kwa kila kitu. Msaada usiorudishwa upeleke kwenye vyombo vya kudumu: chombo cha kuchemshia kwa mvuke, mashine za kubangulia, oveni ya kukaushia, mashine ya kufungia pakiti. Mkopo ununue ghafi, maana ghafi inageuka pesa. Vibali, majaribio na pakiti za kwanza zitoke kwenye hisa za wanakikundi wenyewe, hata kama ni elfu tano tano kwa wiki. Mfadhili ataangalia kwanza ninyi mmeweka nini.

Sasa hesabu. Anza na tani moja, na bei hizi ni za mfano, weka za siku hiyo. Kilo 1,000 za ghafi kwa shilingi 3,000 ni 3,000,000. Usafiri na magunia 150,000. Ujira wa kina mama, 2,500 kwa kila kilo ya karanga. Kuni na vifungashio 200,000. Kikundi kinachoanza kipange kupata kilo 200 za karanga, kwa hiyo ujira ni 500,000 na gharama yote 3,850,000. Zikitoka nzima kilo 140 kwa 24,000, nusu kilo 40 kwa 16,000 na vipande kilo 20 kwa 9,000, mauzo ni 4,180,000. Imebaki 330,000. Lakini nzima zikiwa 100 badala ya 140, na hizo 40 zikaangukia kwenye nusu, kinachobaki ni 10,000. Biashara yote imekwenda, na hakuna aliyeiba.

Ndiyo maana mfadhili mwenye akili atakuuliza kuhusu kuvunjika kabla ya kukuuliza kuhusu soko. Karanga zinavunjika ghafi ikiwa haikuanikwa vizuri, ikichemshwa muda usiotosha, au ikibanguliwa kabla haijapoa. Zikikaushwa kupita kiasi kwenye oveni, zinamong'onyoka wakati wa kumenya ngozi. Mpe rekodi ya magunia matatu ya majaribio: uzito ulioingia, nzima, nusu, vipande, na saa za kazi. Karatasi hiyo ina nguvu kuliko picha za kina mama wanaocheka. Na usisahau mikono yao. Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, hivyo glavu na majivu au mafuta ya nyonyo viwemo kwenye bajeti. Anayejiita mfanyabiashara wa jamii huku wafanyakazi wake wana vidonda, mimi simuelewi.

Kuhusu kununua: usiguse kangomba, yaani kununua korosho za mkulima kwa bei ya chini nje ya mfumo rasmi, hata kama mkulima mwenyewe anakuomba umkopeshe kwa korosho zake. Ni kosa, na ndiyo dhuluma unayosema unaipinga. Nenda Bodi ya Korosho hapo hapo Mtwara, uliza utaratibu wa wabanguaji wadogo kabla ya msimu.

Pesa ya karibu ni mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Inataka kikundi kilichosajiliwa, katiba, akaunti ya benki na mihtasari ya vikao, na mlango wake ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Omba mapema, maana mnada hausubiri kamati. Vikundi vingi vinakufa hapa kwa sababu moja: watu walikusanyana kwa ajili ya fomu, pesa ikagawanywa, na waliobaki ndio wanaodaiwa. Kukopa harusi, kulipa matanga. Pita SIDO pia, shirika la viwanda vidogo, kwa mafunzo, na wakupe mwongozo wa kufikia alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango. Bila alama hiyo duka kubwa halikupokei.

Akija mtu na milioni tano akitaka asilimia 40, piga hesabu: amesema kampuni yote, pesa yake ikiwemo, ni milioni 12 na nusu. Labda ni sawa, labda sivyo, lakini ujue umekubali nini. Na kikundi hakiuzi hisa kwa mtu wa nje. Kwa hilo utahitaji kampuni iliyosajiliwa BRELA, wakala wa kusajili kampuni, na kina mama waandikwe kama wanahisa tangu siku ya kwanza, siyo ahadi ya mdomo.

Kabla hamjabangua hata punje, andika kwa kila mama: mwaka jana, miezi ya kifuku, wakati wa mvua, alipata kipato siku ngapi na kiasi gani. Mwaka kesho huwezi kurudi nyuma kupima hali yao ya kabla.

Ukija Ijumaa, njoo na daftari la majaribio na oda za maandishi, hata mbili tu, za maduka ya Mtwara mjini. Ukurasa wa mwisho tutauandika upya pamoja.

Mama yako