Wajukuu zangu mlioko vyuoni Marekani, andikeni nyumbani

Wajukuu zangu,

Marahaba kwa wote mlioniamkia Idi hii. Mama zenu wananilalamikia. Wanasema binti akipiga simu, ujue ni karo au nauli. Nami ni mkaazi wa siku nyingi hapa Massachusetts, na uzeeni nimezipekua mno barua za wasichana waliosoma huku Marekani zaidi ya miaka 100 iliyopita, katika vyuo vya wanawake kama Vassar, Smith na Wellesley. Ndiyo maana nawaandikia.

Stempu ya barua ilikuwa senti 2. Wasichana wale walimwandikia mama mambo madogomadogo: kofia ya nani imependeza kanisani, supu ya bwenini ilivyo maji matupu, peremende ya chokoleti na siagi waliyoipika chumbani usiku, wakinong'ona mlezi wa bweni asisikie.

Kinachonichekesha zaidi ni nguo chafu. Posta ya Marekani ilianza kubeba vifurushi vikubwa tarehe 1 Januari 1913, na nguo za wanafunzi nazo zikapanda treni. Binti anajaza sanduku, anakaza mikanda, analituma kwao. Kadi ya anwani ina pande mbili, huku nyumbani, huku chuoni. Mama akishafua na kupiga pasi, anaigeuza tu ile kadi, sanduku linarudi. Ukilifungua, katikati ya mashati unakuta keki. (Siwafundishi hilo. Mashine za kufulia mnazo hapohapo bwenini.)

Lakini yapo mazito pia. Alfajiri ya 17 Machi 1914 jengo kuu la Wellesley lilishika moto. Wasichana walitoka, wakaitwa majina mmoja mmoja, na hakuna aliyekufa. Nguo, vitabu, barua za kutoka nyumbani, vyote vikawa majivu. Sasa mfikirie mzazi anayekutana na habari hiyo gazetini, na mwanawe bado hajamletea neno.

Hapo ndipo ninapowaomba sana. Habari mbaya mama aisikie kwako kwanza. Mimi nilipokuwa bwenini nilifeli mtihani, nikachukua ile karatasi ya buluu ya kukunja nikaandika: "Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu." Mama hakujua kusoma. Barua zangu alisomewa barazani na kijana wa jirani, na wapita njia wote wakisikiliza. Siku hiyo walifurahi. Wiki mbili baadaye binti wa mwenye duka akarudi likizo na habari kamili. Jibu la mama, kwa mkono wa kijana yuleyule, lilikuwa neno moja: "Nimesikia." Nilililia lile neno kuliko mtihani wenyewe.

Basi hata sauti ya dakika mbili kwenye simu yatosha, ila semeni kitu. Umekula nini, unakaa chumba kimoja na mwanafunzi gani, theluji imekukuta na viatu gani. Mama atairudia mara tatu, kisha atamwekea na shangazi yako asikilize.

Na wewe uliyeacha udaktari ukahamia somo jingine bila baba yako kujua, unajijua. Nakupa mpaka Jumapili.

Bibi yenu,
Massachusetts