Mnaosema watoto hawasomi springi, njooni mwone darasa

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Naandika kutoka Louisville, jimbo la Kentucky huku Marekani, gazeti lenu tunalisoma kwenye simu na najua wanaolisoma ni wazazi wa huku na pia mababu na mabibi wa huko nyumbani, ambao kila ikifika springi, yaani majira ya machipuko ya huku baridi inapoisha, mwezi wa tatu wa nne hivi, wanapigiwa simu na kulalamikiwa kwamba wajukuu zao hawasomi, wanacheza tu. Mimi ni msaidizi wa mwalimu shule ya msingi, darasa letu ni gredi ya 2, yaani darasa la pili, na nyumbani ni mama, kwa hiyo maneno haya yananipata kotekote.

Malalamiko yenyewe yako hivi. Kwenye grupu letu la wazazi tuko Watanzania, Wakenya, Warundi na wengi zaidi ni Wakongo waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu huko Kigoma, sasa springi ikianza tu voisi zinamiminika, mara mtoto wangu karudi na maharage kwenye kimfuko, mara leo wameshinda wanaangalia mayai, mara huyu wangu wiki nzima hana homuweki jamani hii ni shule au ni nini. Mzee mmoja yuko Kigoma katumiwa picha ya mjukuu kashika kifaranga akajibu "hiyo ndiyo shule mliyoifuata kote huko?" Tulicheka sana, ila wapo ambao hawakucheka, wanaamini kabisa kwamba mtoto anapotezewa muda.

Mimi nasema springi ndiyo wakati ambao watoto wetu wanasoma kweli kweli, tena ndiyo wakati ambao mtoto aliyefika juzi na Kiingereza hana anaonekana kwamba ana akili. Naomba nieleze kinachofanyika mle ndani maana wengi wanaosema hawajawahi kuingia.

Tuanze na mayai. Huku ugani wa kilimo uko chini ya chuo kikuu, na maafisa ugani wa Chuo Kikuu cha Kentucky wana mpango wa watoto na vijana unaitwa 4-H, kupitia huo shule nyingi zinapata mayai yenye mbegu na mashine ya kutotolea vifaranga. Mashine inakaa kwenye nyuzi joto 37 na nusu hivi, inawekwa maji kwa ajili ya unyevu, na mayai yanatakiwa kugeuzwa mara kadhaa kwa siku mpaka siku ya 18, kuanzia hapo hakuna kugeuza tena, kifaranga anajipanga kutoka. Siku ya 21 wanatoka. Sasa niambie hesabu haiko wapi hapo. Watoto wana chati ukutani, kila asubuhi mmoja anakuja anatoa moja, zimebaki ngapi, na mwalimu anawauliza tukiweka mayai Jumanne watatoka siku gani, wanahesabu kwa vidole wanafika Jumanne, tukiweka Alhamisi je, wanafika Alhamisi, kuna kelele ya "aaah" darasani siku wanapogundua wenyewe kwamba 21 ni wiki tatu kamili kwa hiyo siku inajirudia ile ile. Kwa mtoto wa miaka saba hiyo ni kuzidisha na kugawanya, na hakuna aliyemwambia.

Ikipita kama wiki moja wanazima taa, mwalimu anamulika yai kwa tochi, unaona mishipa myekundu imesambaa na kidoa cheusi ambacho ni jicho. Mengine ukiyamulika ni meupe, hamna kitu. Hapo ndipo wanaandika, kila mtoto ana daftari lake, anachora alichoona, anaandika sentensi anadhani yatatoka mangapi na kwa nini, na siku ya mwisho wanalinganisha. Hayatoki yote na mwalimu wetu hafichi, kuna watoto wanalia, basi wanaongea kuhusu hilo pia.

Sasa sikieni hili. Darasani kuna mtoto, sitasema wa nani, tangu Agosti shule ilipofunguliwa alikuwa hasemi. Anakaa, anaangalia, ukimuuliza anatabasamu. Kwenye karatasi za kusoma anaonekana yuko nyuma ya kila mtu. Siku mwalimu anaeleza kwa nini mashine inageuza mayai, kwamba yai likikaa upande mmoja kijusi kinaganda kwenye ngozi ya ndani ya ganda, yule mtoto akanyoosha mkono, sote tukageuka. Akapiga magoti sakafuni akaonyesha kuku anavyolisukuma yai kwa mdomo kulirudisha chini ya tumbo, kidogo kidogo, hivi, halafu hivi. Kiingereza kikamwishia akanigeukia akaendelea kwa Kiswahili na mimi nikatafsiri, kwamba kuku akiatamia hatoki, anatoka mara moja tu kwa siku kula na kunywa na anajisaidia rundo moja kubwa linanuka vibaya, darasa zima likafa kwa kicheko, halafu anarudi haraka mayai yasipoe. Watoto wa Louisville waliozaliwa na mayai ya kwenye friji walikuwa wamekodoa macho. Kuanzia siku hiyo mashine ikilia kidogo wanakwenda kumuuliza yeye. Kusema akawa anasema, kwa kukosea, lakini anasema.

Nyumbani anaambiwa umekwenda kucheza na kuku.

Wazazi wenzangu, hawa watoto wetu wengi wamelelewa na watu wanaojua kupanda, kufuga, kusubiri mvua. Kuanzia Agosti mpaka Februari darasa linaongelea vitu ambavyo hawajawahi kuviona, theluji, sijui Halloween, vitabu vya watu wa theluji. Springi inakuja na vitu ambavyo kwao wanavijua, na kama wao wamezaliwa huku basi wewe mzazi unavijua. Ukimuuliza kwa Kiswahili leo yai limefanyaje, na ukamwambia bibi yako alikuwa anafanya hivi, kesho yake ana kitu cha kusema mbele ya wenzake. Lugha yoyote, mwalimu hajali, kwenye hilo namsifu.

Maharage nayo. Wanayaweka kwenye kimfuko cha plastiki na tishu iliyolowa, wanabandika dirishani kwa selotepu. Mzizi unatoka unakwenda chini, wanageuza kimfuko kichwa chini miguu juu, baada ya siku kadhaa mzizi umekunja kona unakwenda chini tena. Wanageuza tena, hivyo hivyo. Halafu kuna lile jaribio la kabatini. Kentucky tangu 2013 ilichukua mwongozo mpya wa sayansi ambao mtoto wa gredi ya 2 anatakiwa apange mwenyewe jaribio la kujua kama mmea unahitaji maji na mwanga, haambiwi jibu akakariri. Basi vikombe viwili, kimoja dirishani kimoja kabatini gizani, maji sawa. Wote wanabashiri cha kabatini kitakufa. Wanafungua, wanakuta cha kabatini ndicho kirefu zaidi! Hapo kunakuwa na ubishi mle ndani nyie acheni tu, mmoja anasema giza ni zuri, mwingine anasema hapana angalia rangi, kimekuwa cha njano, chembamba, kinaanguka, kinatafuta mwanga ndiyo maana kimerefuka. Wanapima kwa rula, wanachora grafu ya nguzo, wiki inayofuata cha kabatini kimelala chali. Mimi nilisoma kwetu kwa kuandikiwa ubaoni "mmea unahitaji mwanga", nikaandika, nikapata vema, basi.

Viwavi vinakuja kwa posta ndani ya kikopo na chakula chao humo humo, vinanenepa, vinaning'inia kwenye kifuniko vinakuwa pupa, baada ya wiki moja na zaidi kidogo kipepeo anatoka. Akitoka anadondosha maji mekundu, watoto wanapiga kelele damu damu, siyo damu, ni uchafu uliobaki mwili ulipokuwa unajibadilisha. Aina hii ya kipepeo, kwa Kiingereza wanamwita painted lady, ipo na kwetu Afrika, tena kuna wanaoruka kutoka Afrika wanavuka Sahara na bahari ya Mediterania mpaka Ulaya. Mwalimu akiwaambia hivyo watoto wetu wanakaa wima.

Tatizo tu springi ya Kentucky haina adabu, leo joto kesho barafu, kwa hiyo vipepeo vinasubiri siku ya jua ndiyo viachiwe, na chavua ya miti nayo nusu ya darasa wanapiga chafya tangu asubuhi.

Halafu Derby. Hapa najua nitawagusa watu maana makanisani na misikitini kwetu lina maneno. Mashindano ya farasi ya Kentucky Derby yanafanyika hapa mjini Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano, tangu 1875, na Ijumaa yake shule za Louisville zinafungwa kabisa. Wiki mbili kabla ya hapo watoto wanatengeneza kofia za sahani za karatasi, wanapamba maboksi ya viatu yawe magari ya gwaride, wanakimbizana na farasi wa fimbo koridoni. Wapo wazazi wanaomzuia mtoto kwa sababu ni kamari. Nawaelewa, watu wazima wanaweka pesa pale na wengine wanalia. Lakini darasani hakuna anayebeti, wanachofanya ni hesabu, farasi mpaka 20, umbali kama kilomita 2, dakika mbili hivi zimeisha, rekodi ni ya farasi Secretariat mwaka 1973, dakika 1 na sekunde 59 na kitu, haijavunjwa mpaka leo, na wao wanajipima kwa saa ya kusimamisha wanakimbia uwanjani waone wangeachwa wapi. Kama imani yako hairuhusu, ongea na mwalimu, mtoto atapewa kazi nyingine, usimfungie tu nyumbani akakosa wiki nzima.

Jambo jingine linalotisha watu, mtoto akirudi akisema leo tulijificha. Mwezi wa tatu kuna mazoezi ya kujikinga na tornado, ule upepo mkali unaozunguka kama faneli, jimbo zima, watoto wanatoka koridoni wanapiga magoti kuelekea ukutani mikono kichwani. Mzazi aliyekimbia vita akisikia hivyo anashika kichwa. Ni upepo, ndugu zangu, na siyo utani, Desemba 2021 ulipiga mji wa Mayfield magharibi ya jimbo hili na watu wakafa, na Aprili 1974 ulipita hapa hapa Louisville. Mweleze mtoto wako kwa upole ni zoezi la upepo, maana kuna wanaotetemeka na sisi wasaidizi hatufahamu kila mtoto alipitia nini.

Sitaki ionekane kila kitu ni kizuri. Kinachoniudhi mimi ni mwezi wa tano. Kuanzia gredi ya 3 mtihani wa jimbo unakuja mwisho mwisho wa mwaka wa masomo, kusoma na hesabu, na gredi ya 4 wanapimwa sayansi, basi kuta zinafunikwa, koridoni kimya, vikombe vya maharage vinaondolewa, wiki kadhaa mtoto ni kompyuta na karatasi za mazoezi. Na ajabu wazazi wetu hapo ndipo wanafurahi, wanasema sasa ndiyo wanasoma! Wakati mtoto yule yule akiulizwa kwenye mtihani atazame grafu ya mimea miwili aseme kwa nini mmoja ni wa njano, kitakachomsaidia ni kile kikombe cha kabatini cha gredi ya 2.

Kwa ndugu wa nyumbani, sisemi walimu wa huko hawajui kazi. Sheria ya Kentucky inataka darasa la wadogo lisizidi watoto 24, na huko kuna mwalimu ana zaidi ya mia peke yake, mashine ya vifaranga ataiweka wapi na umeme wenyewe ndiyo huo. Ila miezi hii hii ni masika, kila kitu kinaota nje ya dirisha, na maharage kwenye kopo hayana gharama. Babu mwenye kuku anaweza kualikwa darasani akaeleza, na huyo wala hahitaji nauli.

Na kwa kuwa barua hii inasomwa na wa huku pia, nimalizie na mambo ya utekelezaji. Saa zilisogezwa mbele Jumapili ya pili ya mwezi wa tatu, kwa hiyo tofauti na Tanzania na Kenya sasa ni saa 7 siyo 8, na watoto wanakuja wanasinzia, walazeni mapema hata kama nje bado kweupe. Fomu za safari ya zoo zimeshatumwa kwenye mabegi, ziko chini kabisa pamoja na maganda ya ndizi, mtafute. Ikisainiwa mtoto anakwenda, isiposainiwa anabaki shuleni na darasa jingine na hakuna ninachoweza kufanya hata ukinipigia asubuhi basi likiwa mlangoni. Asiye na hela ya kiingilio aseme na ofisi mapema, huwa wanasaidia na hawamtangazi mtu. Na vifaranga, kwa wale mnaoniuliza inbox, vinarudishwa kwa mfugaji, hamuwezi kuuziwa.

Mama Msaidizi,
Louisville, Kentucky